Karatasi Iliyokutwa Katika Koti la Bwana Sekunde

Kabla ya tarehe za maisha yake, neno moja. Marehemu hakuuza majibu ya kipimo chochote. Karatasi iliyokutwa katika koti lake ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe, na nitaieleza mara moja tu.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953, mtoto wa pili wa fundi saa na mkunga. Alipata shahada ya saikolojia mwaka 1976 na ya uzamili mwaka 1979.

Kwa miaka thelathini na sita alifundisha wanasaikolojia kupima akili na kumbukumbu, naye mwenyewe akipima watu idarani kwake. Walimwita Bwana Sekunde, kwa saa ya kupimia muda aliyoivaa shingoni. "Uso wako usimwambie unayempima kitu," aliwaonya. "Akipatia, sema tuendelee. Akikosea, tuendelee. Ukitikisa kichwa, umeshampa jibu."

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Shemeji yake alipomuuliza, "Bibi harusi kapendeza, hajapendeza?" alijibu, "Tuendelee." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

Agosti 2014 alianza kupotea kwenye ngazi za ofisi yake. Daktari alimpima kwa kipimo kilekile alichokifundisha, akapata alama zote. Watoto walishangilia. Mkewe hakushangilia. Asubuhi hiyo mumewe alikuwa amemuuliza, "Mama, choo kiko wapi?" katika nyumba waliyoishi miaka ishirini.

Majibu yalikuwa kwenye karatasi ile. Aliyakariri jikoni, akimwambia mkewe: "Mama watoto, wakijua wataniondoa kazini. Halafu nitakuwa nani?"

Tarehe 3 Machi 2015 alikuta saini yake chini ya ripoti ya mtoto ambaye yeye hakukumbuka hata kidogo kumpima. Ripoti hiyo ilikuwa imemwondoa mtoto shuleni. Hofu aliyokuwa nayo kwa ajili yake mwenyewe ikawa ndogo. Siku hiyohiyo aliiandikia idara: "Alama zangu si halali. Kila niliyempima tangu Agosti apimwe upya na mtu mwingine." Nakala ninayo. Idara iliwapima upya, ikanyamaza, na midomo ikajaza ukimya huo kwa uvumi kwamba aliuza majibu.

Alifariki nyumbani tarehe 22 Juni 2021, kwa homa ya mapafu. Wiki za mwisho alinitazama, akaniita kwa jina la dada yake, kisha akauliza kwa woga, "Nimepatia?" Sikutikisa kichwa.

Ameacha mjane, anayeandika haya, watoto watatu, wajukuu watano na dada huyo mmoja. Mola ampumzishe mahali pasipo na maswali.

Nani alimshikia saa alipokuwa akikariri jikoni? Hilo sijibu, leo wala kesho.

Tuendelee.