Ini la Mtu Asiyekunywa

Tuko hapa mjane wa marehemu, binti yake, wanawe wawili wa kiume, dada yake, mafundi wanne wa chumba chake cha kushonea, fundi viatu wa mlango wa pili, majirani, na kaka yake mkubwa, ambaye familia imempa kazi ya kusoma historia hii.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1949, akiwa kitinda mimba, akaanza shule Januari 1957, akamaliza darasa la nane Desemba 1964, na mwaka uliofuata akaingia kujifunza ushonaji kwa mjomba wake, ambako alivunja sindano kumi na moja wiki ya kwanza. Mwaka 1971 alifungua chumba chake mwenyewe, na kwa kuwa alitaja kiuno cha mteja angali mlangoni, kabla ya kumpima, watu wakamwita Sentimita, jina likamganda.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972, akajaliwa watoto watatu, mwaka 1973, 1976 na 1980. Tangu mwaka wa kwanza, kila jua lilipopungua, mkewe alimwomba wafuatane kutembea hadi mwisho wa barabara, naye alijibu kwamba miguu yake imekwisha kutembea kutwa nzima juu ya pedali ya cherehani, basi mkewe akenda peke yake, miaka nenda miaka rudi.

Hakuonja pombe maishani, na aliwaonya walevi mbele za watu, hasa fundi viatu, kwamba ini halina spea. Kwa hiyo tarehe 21 Mei 2016, alipopimwa akaambiwa ini lake limejaa mafuta, alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo. Daktari alimweleza polepole, kaka yake akiwapo, kwamba pombe si chanzo pekee, kwamba kukaa kutwa, chai ya vijiko vinne vya sukari na kiuno kinachopanuka huleta yaleyale, na kwamba ini lenye mafuta na mishipa ya damu inayokakamaa huandamana, hata wengi wenye ugonjwa huo huondolewa na moyo kabla ya ini. Dawa ya kwanza ilikuwa kupunguza sukari na kutembea nusu saa kila siku.

Walipotoka akasema, "Kaka, mtaa ukisikia ini, watasema nilikuwa nakunywa kwa siri. Asijue mtu, hata mama watoto."

Kaka akakubali, na hilo linamkaa rohoni. Sukari marehemu aliipunguza kimyakimya, lakini hakutembea, maana mkewe angeuliza kulikoni leo, na suruali zake akazipanua mwenyewe.

Haya yanasomwa kwa ruhusa ya mjane, aliyeambiwa juzi, akasema, "Shemeji, mimi ningetembea naye tu. Nisingemuuliza kitu." Fundi viatu naye alisema angemcheka siku moja, ya pili wangekwenda kupimwa pamoja.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, majirani walioleta viti na maji, na mafundi waliofunga kazi siku tatu. Ulale kwa utulivu, mdogo wetu.

Asubuhi ya mwisho kifua kilimbana akiwa kazini, akaletwa nyumbani, na mkewe, asiyejua la kuogopa, akampa maji ya moto akidhani ni gesi. Marehemu alifariki kwa kuziba kwa mshipa wa moyo, Jumanne, tarehe 9 Oktoba 2018, saa tano na dakika kumi asubuhi.