Bi. Anyesi Chilewa na Vioo Viwili vya Mwezi wa Pili

Jumatatu, tarehe 30 Juni 1997. Asubuhi hii kuna baridi, upepo ulianza kabla ya jua kuchomoza, na vumbi limeshatua juu ya meza tulizozifuta Ijumaa. Leo ni siku ya mwisho kazini ya Bi. Anyesi Chilewa, fundi sanifu wa maabara, ambaye ameitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja.

Bi. Anyesi alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akaajiriwa mwaka 1966 kuosha vyombo vya maabara. Baadaye alipelekwa kozi Dar es Salaam, akarudi na cheti, na tangu hapo hakuachana na hadubini. Miaka ya karibuni wenzake kadhaa waliacha kazi ya serikali wakafungua maabara zao mjini. Yeye pia aliitwa, tena zaidi ya mara moja. Alijibu kwamba wagonjwa wake wa kifua kikuu wasingemfuata huko, kwa hiyo naye hana la kufanya huko.

Wagonjwa hao ndio waliompa jina la Mama Kohoa. Alikuwa akiwatoa nje, nyuma ya maabara, penye upepo, na kuwasimamia mpaka walete makohozi kutoka chini ya kifua. Aliyeleta mate alirudishwa. Ndugu Ambokile, fundi mwenzake aliyetoka nyanda za mvua nyingi, alikuwa akimtania kwamba sauti yake inasikika hadi mtaa wa Nkuhungu, na kwamba hata wazima wanaopita barabarani wanaanza kukohoa. Bi. Anyesi alimjibu kuwa watu waliokulia kwenye ndizi na mvua hawawezi kujua kazi ya kutafuta kitu mahali pakavu.

Wakati wa mgao wa umeme, maabara nyingi zilifunga milango mchana. Bi. Anyesi alitoa hadubini ya zamani yenye kioo cha kuakisi mwanga, akaiweka dirishani, na kadiri jua lilivyosogea naye alihamisha meza. Jioni tulimkuta upande wa pili wa chumba. Majibu ya wagonjwa hayakuchelewa.

Tulipomwonyesha rasimu ya kwanza ya wasifu huu, aliisoma yote, akaturudishia, akasema tumeandika kama vile hajawahi kukosea. Akaomba habari ya mgonjwa wake mmoja, Matonya, iwemo. Mjane wa Matonya, Bi. Cecilia, naye aliulizwa, akakubali.

Bi. Anyesi alikuwa na desturi ambayo hatujaiona kwingine. Mgonjwa akikutwa na kifua kikuu, alimwita maabara, akamkalisha kwenye kiti chake, akamwonyesha makohozi yake mwenyewe, yaliyopakwa kwenye kipande cha kioo, chini ya hadubini: vijiti vyekundu, vyembamba, vimelala juu ya rangi ya buluu. Watu wengi walikuja wakiamini wamerogwa, au wakiogopa kwamba kila kikohozi ni UKIMWI. Wakishaona adui ana umbo, walikubali sindano na vidonge. Matonya alikuwa mmoja wao, mfugaji kijana kutoka upande wa Ihumwa, aliyeletwa mwaka 1991 akitema damu. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka, akasema yeye huangusha fahali kwa pembe, na leo ameangushwa na vitu ambavyo hata kuku hawezi kudonoa.

Baada ya miezi miwili Matonya alinenepa na kikohozi kikakoma. Makohozi yake yalipimwa tena, na hapakuwa na kijiti hata kimoja. Bi. Anyesi alifurahi, akamwita tena kwenye kile kiti ili aone matunda ya uvumilivu wake. Matonya akaona buluu tupu. Alipofika wodini kuchukua vidonge vya miezi iliyobaki, wauguzi walimsikia akiwaambia wenzake kwamba ameona kwa macho yake, hakuna kitu tena. Biashara ilikuwa imefunguka, malori ya watu binafsi yalikuwa yakibeba mbuzi kwenda Dar es Salaam, na alikuwa na mke na watoto wawili. Aliondoka na mbuzi, na vidonge akaviacha.

Wasomaji wetu wasio wa maabara wanastahili kuelezwa kwa nini buluu ile ilidanganya. Mwilini mna seli nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuvisaga. Kijidudu cha kifua kikuu kinapoingia na pumzi, seli hizo hukimeza kama vingine. Lakini hiki kina ngozi yenye nta, na kina namna ya kuizuia seli isikisage. Hivyo hukaa ndani ya yule yule aliyetumwa kukiua. Humo huongezeka polepole, au hulala tu bila kuongezeka. Mwili hujenga ukuta kuzunguka mahali hapo. Dawa huanza kwa kuua vile vinavyozaana kwa kasi, vinavyotoka na makohozi, ndiyo maana kioo husafika mapema. Vilivyolala ndani ya seli huhitaji miezi mingine. Dawa ikikatishwa, huamka.

Bi. Anyesi aliyajua hayo. Asichofikiria ni kwamba mtu aliyefundishwa kuamini kioo kinapoonyesha vijiti angekiamini pia kinapokuwa kitupu. Alipopata habari kwamba Matonya haji kliniki, alimfuata hadi Ihumwa mara kadhaa, akamkuta Cecilia peke yake. Mumewe yuko njiani na mbuzi, aliambiwa.

Matonya alirudi mwaka uliofuata, amebebwa. Vijiti vilikuwa vingi kuliko mwanzo, na tezi za shingo zilikuwa zimevimba. Alianzishiwa tena dawa, lakini mwili ulikuwa umechoka. Usaha wa tezi ulipoletwa maabara, Bi. Anyesi aliona kwenye kioo kitu ambacho ni nadra kuonekana wazi hivyo: seli nyeupe, kubwa, nzima kabisa, na ndani yake vijiti vyekundu vimejipanga. Alikwenda wodini, akainama kitandani kwa Matonya, akamweleza alichokiona na akamwomba msamaha. Alimwambia kwamba siku ile ya furaha alimwonyesha nusu ya habari. Matonya hakuwa na pumzi nyingi. Alimwita mama, akasema, "Basi wengine waonyeshe hiki. Kile kitupu usiwaonyeshe peke yake." Alifariki kabla ya mvua za mwaka huo.

Tangu hapo desturi ilibadilika. Mgonjwa wa mwezi wa pili huonyeshwa vioo viwili: kwanza makohozi yake yaliyosafika, halafu kioo cha usaha wa tezi za Matonya, ambacho Bi. Anyesi alikihifadhi. Hatoki kwenye kiti mpaka aeleze kwa maneno yake ameona nini.

Mwaka 1995 Cecilia mwenyewe alianza kukohoa. Alikuja akiwa na hofu ya kuwaacha watoto bila mzazi hata mmoja, akatibiwa, na mwezi wa pili kioo chake kikawa safi. Siku hiyo ilikuwa ngumu kwa Bi. Anyesi kuliko siku yoyote tuliyomwona kazini. Cecilia alisema shamba linamngoja, watoto wamekaa kwa jirani, na yeye anajisikia mzima. Bi. Anyesi aliweka kioo cha pili, akamwambia kimetoka kwa nani. Cecilia aliinamia hadubini. Kisha, bila kuinua jicho, akasema, "Kumbe ni kama dumuzi. Punje unaiona nzima, yeye yumo ndani anakula."

Akauliza imebaki miezi mingapi. Alijibiwa. Akaomba ruhusa ya kwenda kuwachukua watoto, akapanga chumba kwa shangazi yake Miyuji, karibu na hospitali, na kila tarehe ya dawa alifika. Alimaliza matibabu yote. Watoto walipimwa, hawana ugonjwa.

Katika mafunzo ya watumishi wapya, Bi. Anyesi amekuwa akieleza habari hii bila kujipunguzia sehemu yake ya kosa. Tumejifunza kwake kusoma kioo, na tumejifunza pia kumuuliza mgonjwa ameelewa nini kabla hajainuka. Kwa hayo, Mama, idara nzima inakushukuru. Tunakuombea afya, mvua za kutosha shambani kwako, na wajukuu wasiochoka kukusumbua.

Wiki hii wapo wagonjwa wanaofikisha mwezi wa pili wa dawa. Bi. Anyesi aliuliza nani atakaa nao. Bi. Cecilia, aliyealikwa kwenye sherehe hii ya kumuaga, ameomba awe anakuja siku hizo, akae kando ya kiti, awaeleze mwenyewe kioo cha pili ni cha nani. Idara imekubali. Ataanza Alhamisi.

Violeth Mahinyila, kwa niaba ya wafanyakazi wa maabara