Wasifu wa Bwana Makombe, Aliyechomwa na Konokono

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Bwana Makombe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa seremala. Alisoma mpaka darasa la saba. Hesabu zilimkataa lakini maneno yalimpenda. Mwalimu akimwita mbele kumchapa, alirudi kwenye dawati darasa zima likicheka, na mwalimu mwenyewe kasahau fimbo.

Mwaka 1988 alimwoa binti wa muuza makombe ya baharini. Duka lilikuwa la mama mkwe. Mke alikuja nalo kama wengine wanavyokuja na masufuria. Mke ndiye aliyemfundisha kazi. Yule konokono wa baharini mwenye gamba pana juu na jembamba chini, lenye madoa ya kahawia, hashikwi kwa mkono. Ana mshale mdomoni. Samaki akichomwa hapapatiki, humezwa mzima. Konokono huyo huokotwa kwa koleo, akaanikwa juani mpaka anuke, ndipo gamba lisafishwe. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 marehemu alileta mwanamke mwingine dukani. "Wewe konokono," alimwambia mkewe mbele ya wanawe, "unatufukuzia wateja. Nenda." Mke akatoka na nguo zake. Mgeni hakupenda harufu, basi kuanika kukakoma na koleo likatupwa.

Tarehe 2 mwezi huu marehemu aliokota gamba zuri, akalitia mfukoni mwa shati ampelekee huyo mwenzake. Lilikuwa na mwenyewe ndani. Alisikia kama sindano kifuani, akacheka. Kisha midomo ikafa ganzi, kope zikaanguka, na pumzi ikakatika kabla ya kufika hospitali. Polepole ndio mwendo, konokono alifika.

Shemeji, ndugu wa marehemu, alikuja kwa mke kuuliza tarehe hizi, maana kule dukani hakuna aliyezijua. Akaomba, kwa upole wake, mke asitajwe kwenye wasifu, asije akamuudhi mtu.

"Shemeji," mke akamjibu, "nikitoka mimi, na tarehe zinatoka. Mtamzika kama mwokotwa."

Shemeji akanywa maji, akasema basi, andikeni.

Marehemu ameacha mjane mmoja, mabinti wawili na ndugu wanne. Duka hakuliacha, kwa kuwa halikuwa lake. Mwenyewe atalifungua Jumatatu asubuhi.

Apumzike. Amani atakayoikuta huko ni ile aliyoibeba.