Mumewe Yuko Kwenye Televisheni

Ndugu, jamaa, majirani, watumishi wa ofisi ya vipimo mliofunga ofisi kuja hapa, wenye maduka ambao marehemu aliwahi kuwatoza faini na leo mmekuja hata hivyo, na nyinyi wa nyuma kabisa mliovaa miwani ya jua ilhali kuna mawingu, ninasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi kaka mkubwa wa marehemu, karani wa mahakama mstaafu, kuwasomea historia ya mdogo wangu. Niliiandika juzi Jumamosi nikiwa na hasira, baada ya kuwaahidi ndugu kwamba nitalijibu hadharani swali ambalo limezunguka msibani tangu Alhamisi, yaani mumewe alikuwa wapi saa ile alipokata roho. Nitalijibu, mwenye haraka avumilie.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 3 Machi 1969, katika zahanati iliyokuwa mkabala na stesheni ya reli, akiwa kitinda mimba katika watoto watatu wa baba fundi cherehani na mama muuza maziwa, mama ambaye kopo lake la kupimia lilijazwa mpaka likamwagika, na kilichomwagika hakumdai mteja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976, shule ile iliyo nyuma ya posta, akamaliza mwaka 1982, na katika darasa la nne alimwambia mwalimu mbele ya wenzake kwamba rula ya ubaoni ilikuwa pungufu kwa nusu kidole, akachapwa kwa utovu wa adabu, rula ikapimwa siku ya pili, ikaonekana pungufu kwa nusu kidole, na mwalimu akanunua rula nyingine bila kumwomba radhi. Sekondari alisoma kuanzia 1983 hadi 1988, kisha akajiunga na chuo cha vipimo mwaka 1989, akahitimu mwaka 1991 akiwa mwanamke peke yake katika kundi la watu kumi na tisa.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1992 kama mkaguzi wa mizani, katika ofisi ya ghorofani juu ya duka la rangi, chumba cha tatu, na huko alitumika miaka thelathini na miwili, akipita duka kwa duka na sanduku lake la mawe ya shaba ya kupimia, akiwakamata waliochakachua mizani, wenye sumaku chini ya sahani, wenye kidole kizito. Nilimuuliza siku moja anawajuaje kabla hata hajafungua sanduku, akanijibu, "Uso umezoea kusema uongo, kaka. Mikono ndiyo bado haijajifunza." Mimi nimekaa mahakamani miaka thelathini na nne nikiandika maneno ya watu, na sijapata kusikia mtaalamu yeyote akisema jambo hilo kwa ufupi namna ile.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998 na fundi wa mafriji, ambaye alikutana naye buchani, yeye akikagua mizani na bwana huyo akiwa ameingiza kichwa ndani ya friji la nyama, na wakajaaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 2000, ambaye sasa anamalizia masomo ya ufamasia. Bwana huyo mnamjua kwa jina la Barafu, na wale wa nyuma, mashabiki wake, mnaamini ameitwa hivyo kwa sababu ya ubaridi wa uso wake mezani, basi naomba niwavunje moyo, aliitwa Barafu na wauza samaki kwa sababu alitengeneza mashine zao za barafu, tena vizuri, kabla ya kuiacha kazi ya halali na kuishika hii nyingine.

Kazi hiyo nyingine inaitwa poka, na kwa kuwa historia ya marehemu haiwezi kusomwa bila kuitaja, nitaieleza kwa wale waliobahatika kutoijua. Watu wazima wanakaa kwenye meza ya duara, kila mmoja anapewa karata mbili anazozificha, nyingine tano zinafunuliwa katikati, na katika kufunuliwa huko wanawekeana vidude vya plastiki vinavyoitwa chipsi, ambavyo hata mwenye njaa hawezi kuvila, na anayeshinda si lazima awe mwenye karata nzuri, ni yule aliyewaogopesha wenzake wakazitupa za kwao. Bwana huyo aliianza mwaka 2007 katika karakana yake, umeme ukikatika, juu ya friza lililolazwa chali, na kila alipoinuka aliinuka mikono mitupu, mpaka marehemu alipokaa nyuma yake jioni mbili, akatazama, kisha akamfundisha.

Ndiyo, waombolezaji, msikodoe macho, ni yeye aliyemfundisha. Alimwambia katika karata kumi anazopewa azitupe nane bila huruma, na mimi niliposikia kwamba ufundi wa kazi hii ni kukataa kuifanya mara nane kati ya kumi nilicheka mpaka nikakaa chini. Alimwambia apende kuwa wa mwisho kusema, kwa kuwa wa mwisho amekwisha kuwasikia wote. Alimwambia aache kutazama nyuso za watu, atazame mikono, nani anavigusa vidude vyake kabla ya zamu yake, nani anakunywa maji ilhali mdomo haujakauka, akampa bure elimu ambayo serikali ilimsomesha nayo ili awalinde wanunuzi wa sukari. Huyo ndiye aliyekuwa akili, ninyi mkamshangilia friji.

Mwaka 2015 mchezo huo ukaanza kuonyeshwa kwenye televisheni, na hapo ndipo niliposhuhudia upumbavu wa binadamu katika ukubwa wake. Mpira nauelewa, mtu anakimbia, anaanguka, anavunjika, lakini hapa watu wanakaa saa sita kumtazama mtu aliyekaa, naye mtangazaji akinong'ona kama yuko chumba cha mgonjwa. Wakaweka kamera ndogo kwenye ukingo wa meza, ili mtazamaji aone karata ambazo wenyewe mezani wameficha, na tangu hapo kila kinyozi na kila muuza vocha akawa bingwa, anazomea kwamba huyu mjinga anatupaje karata nzuri, hajui kwamba mwenzake hana kitu, kumbe anayejua ni yeye tu, na anajua kwa sababu ameonyeshwa. Ujasiri wa namna hiyo hauna gharama. Marehemu peke yake ndiye niliyemwona akitazama kwa heshima, alikata ukanda wa boksi la viatu, akaubandika sehemu ya chini ya kioo cha televisheni, pale zinapoonyeshwa karata, akawa anatazama mikono ya wachezaji, anasema huyu anazo, huyu hana, ndipo anaufunua ukanda, na sikumbuki akikosea zaidi ya mara mbili.

Kwetu, mtu wa uso usiobadilika anaitwa mkavu wa macho, na si sifa. Huko anapigwa picha. Mnamo Mei 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na moyo uliotanuka, akaanza dawa na kuhudhuria kliniki kila mwezi, na tarehe 8 Oktoba mwaka huu alilazwa, wodi ya wanawake, kitanda cha sita karibu na dirisha, na hata huko wapenzi wa karata walimfuata, Jumanne walipita wawili getini wakijiita mashemeji zake, wakaja kupiga picha na mke wa Barafu akiwa na mipira ya oksijeni puani. Niliwatoa mimi mwenyewe, na nikampa mlinzi maagizo kwamba mtu yeyote atakayejiita ndugu nje ya saa za kutazama wagonjwa, aulize kwanza wodini.

Jumatano daktari alisema hali ni nzuri na huenda Jumamosi akaruhusiwa, na kwa maneno hayo bwana huyo akaenda Alhamisi tarehe 17 kucheza fainali katika ukumbi wa hoteli, dakika kumi na tano tu kutoka hospitali, ambako simu za wachezaji hukusanywa mlangoni na kufungiwa kabatini. Saa nane na dakika hamsini mchana marehemu alibadilika, binti akaipigia hoteli, akaambiwa ujumbe utafikishwa, kisha nikamtuma chini duka la dawa, nikabaki mimi na mgonjwa na televisheni iliyo juu ya meza ya wauguzi, na humo ndani ya televisheni alikuwa Barafu, anapanga vidude vyake, anatabasamu. Saa tisa na dakika thelathini na nne marehemu alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Saa tisa na dakika thelathini na tano, kwa saa ya ukutani ya wodi, mimi na wauguzi wawili tulimwona bwana huyo kwenye televisheni akipokea karatasi, akiisoma, akiinuka, akiacha vidude vyake vyote mezani na kutoka. Akaingia wodini saa kumi, geti lilipofunguliwa kwa watazama wagonjwa. Ijumaa, mbele ya kikao cha ndugu, nilimuuliza alikuwa wapi, akajibu neno moja, "Nilichelewa," na ndugu wakaguna, nami nikaandika kwamba mke alipigana na kifo huku mume akipigana na wanaume wenye miwani, na kwamba aliinuka dakika moja baada ya kuchelewa maisha yake yote.

Hapo ndipo nilipomalizia juzi, na sikufuta hata neno, kwa sababu karani hafuti, anaandika chini yake. Ukurasa huu nimeuandika leo asubuhi.

Jana mlinzi wa hospitali alikuja kuhani, nami nikipita na viti nikamsikia akimwomba msamaha bwana huyo kwa kumzuia getini. Nikavitua viti. Nilikwenda mpaka getini mwenyewe, nikaomba kitabu cha wageni, na mstari wa Alhamisi umeandikwa kwa kalamu ya bluu, mume wa mgonjwa, wodi ya wanawake, saa tisa na dakika ishirini na mbili, na pembeni yake, amekataliwa na ndugu. Nilirudi nikamuuliza binti mtu anawezaje kuwa getini saa tisa na ishirini na mbili, kisha akainuka mezani saa tisa na thelathini na tano, na binti akanieleza kwa upole, "Mjomba, huwa hawarushi palepale, wanachelewesha nusu saa, kwa kuwa watazamaji wanaona karata, mtu asije akampenyezea mchezaji habari ya kile alicho nacho mwenzake." Yule niliyemwona akitabasamu alikwisha kuinuka. Aliusoma ujumbe saa tisa na dakika tano, akaiacha fainali aliyoingoja miaka tisa, akafika getini mke wake akiwa na dakika kumi na mbili za kuishi.

Ndugu aliyemkataa ni mimi. Simu ya getini ililia kwenye meza ya wauguzi, muuguzi akaniambia kuna mtu anajiita mume wa mgonjwa, nikaitazama televisheni, nikashika simu, nikasema, "Mumewe yuko kwenye televisheni, namwona kwa macho yangu. Huyo mwambie akatafute mgonjwa mwingine." Nikaona nimesema neno la maana, hata nikacheka kidogo, kisha nikalisahau, na kwa dakika thelathini na nane mtu yule alisimama juani upande wa pili wa geti la chuma. Mlinzi alimwambia aliyemkataa ni nani. Kwa hiyo Ijumaa, nilipomhoji mbele ya ukoo mzima, alikuwa na karata ya kunimaliza, akaitupa, akasema amechelewa, na kwa siku tatu amenisalimia kwa mikono miwili. Mimi niliyewacheka wanaojiona mabingwa kwa kuwa wameonyeshwa, nilionyeshwa mtu, nikamhukumu. Mchezo wenyewe bado naudharau, sitawadanganya, lakini nimejidharau zaidi.

Familia inawashukuru daktari wa moyo na wauguzi wa wodi ya wanawake ambao hawakuchoka, majirani waliopika na kulala nasi, wakuu na wafanyakazi wenzake wa ofisi ya vipimo waliolibeba sanduku lake la mawe mpaka nyumbani, na mlinzi wa geti, ambaye alifanya alichoagizwa na akaandika saa kwa usahihi. Nanyi wa nyuma, asanteni, vueni miwani.

Historia kama hii ina neno lake la mwisho, nanyi mnalingoja, lakini mimi sitalisema. Saa tisa na dakika ishirini na moja Alhamisi, mdogo wangu aliinyanyua mikono yake kidogo kutoka kwenye shuka, akaielekeza kwenye televisheni, akaniambia, "Huyo ni wa nusu saa iliyopita, kaka. Yeye yuko njiani." Nilidhani anaweweseka. Nikamwekea mto vizuri, nikamwambia apumzike, na hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia, niliyatumia kumnyamazisha mtu aliyekuwa akisema kweli. Shemeji, njoo hapa mbele, simama karibu na mkeo, umwambie wewe apumzike kwa amani.