Fundi Bakar Mjaka na Kisima cha Kiponda

Hitima imeshasomwa, na kabla hamjatawanyika familia imemtaka Mcha Khatib, mpwa wa marehemu, awasomeeni maisha ya mjomba wake, ingawa wapo wengi hapa wenye haki zaidi ya kuyasoma.

Marehemu Bakar Mjaka Mkubwa alizaliwa Nungwi tarehe 9 Machi 1924, mtoto wa pili wa Mzee Mjaka na Bi Mwanapili, akasoma chuo cha Kurani hapo hapo kijijini, kisha akaletwa mjini kwa baba yake mdogo, akaingia skuli ya serikali mwaka 1933 na kuiacha mwaka 1937, si kwa uzito wa kichwa, bali kwa sababu kila akitumwa maji harudi darasani, hukaa kisimani akiitazama pampu.

Mwaka 1939 alianza kazi kwa fundi mmoja wa Kihindi pale Mkunazini, akajifunza pampu za mkono za visima vya uani, na kwa zaidi ya miaka thelathini hapakuwa na mtaa wa Mji Mkongwe ambao hakuuingia na spana yake, akiwasomesha watu wazima kama watoto wa chuo, kwamba mpini ukiwa mwepesi ngozi ya ndani imechakaa, ukiwa mzito na kuruka juu chujio limeziba, maji yakija na mchanga bomba limeshuka mno, na yakianza chumvi kisima kimeelemewa, kipumzisheni. Kubwa kwake ilikuwa hiyo ngozi, duara ndogo inayopanda na kushuka kuvuta maji, ambayo ikikaa bila ya kulowa hukauka na kupasuka, pampu ikabaki kuvuta upepo. "Nshakwambieni, mapigo kumi kila asubuhi, hata kama hamna haja ya maji," ndiyo yaliyokuwa maneno yake, na wamo humu waliomcheka, kisha wakamfuata mbio na ndoo tupu.

Alhamisi tarehe 15 Agosti 1957 alimuoa Bi Mwanakheir binti Shamsi wa Malindi, wakakaa Kiponda katika nyumba yenye kisima uani, na tarehe 2 Juni 1959 wakajaaliwa mtoto wao wa pekee, Wanu, ambaye alipojua kusimama tu alipenda kuning'inia kwenye mpini wa pampu, na baba yake, aliyeugombeza mji mzima kwa kosa hilo, akawa ndiye wa kumnyanyua aufikie.

Tarehe 3 Februari 1964, katika hofu ya siku zile, wazee wa Bi Mwanakheir walivuka kwenda Mombasa, wakamchukua binti yao na mjukuu, ikasemwa ni wiki mbili tatu tu, mambo yatulie, na marehemu akabaki kulinda nyumba. Hawakurudi. Mwaka 1967 ilikuja barua ya kutaka talaka, akaitoa, lakini kumtazamia Wanu hakuacha, na akitaka jambo moja tu duniani, mwanawe siku atakayorudi aushike mpini na maji yatoke, ajue kwamba kwao pana mtu. Spea zilipoadimika madukani aliyakata makubadhi yake mwenyewe, akachonga ngozi, akailowesha mafuta ya nazi, akawa anatembea peku, hata wengine wakasema ameshaingiwa na wazimu.

Kikohozi kilimwanza Oktoba 1971, na tarehe 22 Januari 1972 akalazwa hospitali, ufunguo wa nyumba akamkabidhi Mcha, huyu huyu anayesoma, kwa sharti la mapigo kumi kila asubuhi. Mcha alikwenda siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu alikuwa na shughuli zake, ya nne vile vile, na baadaye akajiambia kuwa hayo ni maneno ya mgonjwa tu. Kila jioni marehemu aliuliza kama maji yanatoka, akajibiwa yanatoka, tena mengi, naye akashukuru na kulala.

Alifariki Jumanne tarehe 15 Februari 1972, saa tatu asubuhi, akaletwa Kiponda kuoshwa. Mpini ulikuwa mwepesi. Mcha alipiga mapigo kumi, akapiga mia, akamimina maji kwa juu kama alivyofundishwa, ikatoka sauti ya upepo, na watu wamesimama wanamtazama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, mafundi wenzake waliochimba kaburi, na majirani wote, hasa Bi Tabia na wanawe, walioleta ndoo kumi na moja za kumwoshea, kutoka kwenye pampu yao ambayo ngozi yake marehemu aliitia mwezi wa Septemba. Simu imepelekwa Mombasa, jibu halijaja, na hatulitarajii.

Pumzika kwa amani, mjomba. Mcha anataka radhi yako, na aliyekuwa wa kuitoa ameshazikwa.