Mlango wa Bluu Uliomfungia Mtafiti

"Hakuna jiko katika mji huu litakalonifungia mlango," alitamba marehemu mbele ya ukumbi uliojaa, siku alipozindua kitabu chake. La kwanza kumfungia lilikuwa la dada yake.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, kitinda mimba wa mpishi wa bweni na fundi cherehani. Shuleni alitolewa foleni ya uji mara mbili kwa kuonja vikombe vya wenzake, eti analinganisha. Akalinganisha mpaka shahada ya uzamivu katika anthropolojia. Mwaka 1990 alimuoa mkunga, aliyemwonya mapema kwamba sufuria za nyumbani si utafiti.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watu wa mjini wanavyotafuta kwao ndani ya sahani. Kitabu chake cha 2011 kilisimulia habari za muuza chakula aliyemnong'oneza kila mteja, "Mimi na wewe kwetu kumoja," na kila mteja akala akijiona amefika nyumbani. Jina marehemu alilificha. Mlango wa bluu na upawa uliofungwa waya hakuvificha. Wateja wakaulizana, wakajiona wamechezewa, wakahama.

"Umenianika, mdogo wangu," dada alimwambia, akafunga mlango. Miaka ikapita hawasemezani.

Saratani ya tumbo ilipomkosesha hamu ya chakula, alitaka kupelekwa huko huko kwa dada. Mkewe akatangulia mlangoni.

"Wifi, mdogo wako hali kitu."

"Aje kama mteja. Na kalamu aiache kwako."

Alikalishwa kwenye benchi. Dada akampakulia wali na maharage, akabaki amemsimamia, upawa mkononi. Wateja wawili waliokuwepo waliacha kutafuna. Marehemu alikula vijiko vichache, machozi yakamtoka.

"Chumvi imezidi?"

"Kwetu ni hapa, dada."

"Hilo nawaambia wote," dada alimjibu. Halafu akamwongezea mchuzi.

Alifariki hospitalini tarehe 2 Aprili 2024, alfajiri. Wosia wake ulikuwa mfupi: "Wateja niliwafukuza kwa maandishi. Warudisheni kwa maandishi, yasomwe siku ya kunizika, watu wakiwa wengi."

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na dada yake aliyepika chakula cha mazishi ya leo. Mungu amlaze pema, akiwa ameshiba.

Mlango wa bluu utafunguliwa keshokutwa, saa sita mchana. Sahani moja ni shilingi elfu mbili.