Joka la Fanor

Wiki ya kanivali, ndani ya basi la kwenda mji wa Jacmel, Haiti, Fanor mtengeneza vinyago alipakata kichwa cha joka la karatasi kwenye kiti cha mbele yangu. Mama aliyeketi naye akalitazama joka, akauliza, "Mbona mwaka huu anacheka?"

"Nilimwona kwenye sinema utotoni, mama. Umeme ukakatika kabla ya mwisho. Kila kanivali namtungia mwisho mwingine."

Waliotukatia umeme enzi hizo ndio hao hao wanaotutawala leo, nikawaza. Sijasahau.

"Kumbe ni yule! Mimi niliimaliza, mwanangu. Nikwambie?"

"Usithubutu! Mwakani nitaunda nini?"

"Dume zima linaogopa sinema! Basi nimnong'oneze joka mwenyewe."

Fanor akaliziba joka masikio kwa viganja vyote viwili. Basi likasimama. Kabla ya kushuka, mama akalipapasa joka shavu kwa huruma, nikajua kwamba kwenye sinema lilikufa.